Mama Futi na Neno "Letu"

Asubuhi ya mwisho tuliyokuwa nayo ilikuwa asubuhi tu. Mke wangu aliamka kabla yangu, akachemsha chai, akaniita mara mbili. Mara ya tatu hakuita, aligonga sinia kwa kijiko.

Nikatoka na shati mkononi. Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini.

"Mzee wetu, umevaa suruali ya jana."

"Ya jana si ndiyo ya leo?"

"Ndiyo maana nimekuambia."

Tukanywa chai. Mkate ulikuwa mgumu, akauchovya. Kisha akakaa kwenye cherehani, akashika sindano na kunipa uzi. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Yangu yanaona mbali tu, karibu hayaoni. Kwa hiyo kutunga uzi ilikuwa kazi ya watu wawili: yeye ameinyoosha sindano kwa urefu wa mkono, mimi nimesimama nyuma kidogo kama mtu anayeogopa mbwa, tunabahatisha. Siku hiyo tulipata mara ya nne. Akasema tumeendelea, jana ilikuwa ya saba.

Alikuwa anashona suruali ya kijana wetu aliyekuwa gerezani. Barua ya kijana ilikuwa imefika juzi yake. Akaitoa kwenye droo ya cherehani, akanisomea tena mstari wa mwisho. Akaikunja. Halafu akaniambia maneno ya kumpelekea kijana.

Nikasema, "Utamwambia mwenyewe. Jumamosi si unakwenda?"

Akasema, "Ukimwona kabla yangu."

Sikulitilia maanani. Maneno yenyewe nitayaandika mahali pake.

Saa nne cherehani ikanyamaza. Nilikuwa uani natia mafuta bawaba ya mlango. Nikadhani uzi umekatika. Uzi ukikatika huwa ananiita. Nikakaa nasubiri kuitwa.

Kiharusi. Alilala hospitali siku kumi na moja bila kusema kitu. Tukamzika. Watu waliokuja msibani walisema mengi mazuri, na sikumwona yeye ndani yake. Walisema alikuwa mpole. Hakuwa mpole. Alikuwa amechoka. Ndiyo maana naandika.

Alikuwa fundi cherehani. Futi ya kupimia nguo aliivaa shingoni tangu anaamka mpaka analala, na jina likatokea hapo, Mama Futi. Mtu akiingia na kitambaa, alikuwa ameshampima kwa macho kabla hajasema hodi. Futi aliitumia ili mteja aridhike. Aliniambia siku ya kwanza tulipoonana kwamba bega langu la kulia liko chini kuliko la kushoto. Nilikuwa mpasua mbao, bega la msumeno lazima lishuke. Nikasema, basi nishonee shati la mtu kilema. Akanishonea, na likakaa sawa. Kabla ya hapo sikuwahi kupata shati lililokaa sawa.

Herufi nazo alinifundisha yeye, kwenye karatasi za kukatia nguo. Kwa hiyo nilianza na M ya mkono, K ya kola. Shule sikuijua.

Tulipata watoto watatu, wasichana wawili na kijana wa mwisho, tuliyemwita Kitinda. Walipokuwa wadogo nyumba ilikuwa na shuka moja kubwa la watoto. Kila usiku vita. Shuka langu, hapana langu, mama mwambie huyu. Siku moja akachoka. Akasema katika nyumba hii neno "langu" limekwisha. Hakuna langu, hakuna changu, hakuna yangu. Shuka letu. Kiti chetu. Sahani yetu. Atakayesema langu, ataosha vyombo.

Akaishika sheria hiyo mwenyewe. Ndiyo maana nikawa "mzee wetu." Wanawake wenzake walimcheka.

"Mzee wenu? Kwani mko wangapi?"

"Wengi. Wengine bado sijawajua."

Binti yetu mkubwa alipata taabu shuleni. Mwalimu kauliza hii kalamu ya nani, mtoto kajibu yetu. Yako na nani? Yetu. Akarudishwa nyumbani akamwite mzazi. Mama Futi akaenda, akamweleza mwalimu habari ya shuka. Mwalimu akacheka, na toka siku hiyo akamletea suruali zake zote.

Ikazoeleka. Watoto wakakua nayo kama watu wanavyokua na kigugumizi. Hawakuisikia tena masikioni mwao.

Jirani yetu ni Mama Mkaa. Anauza mkaa mbele ya mlango wake, mikono yake myeusi mpaka kwenye viwiko, moyo wake mweupe. Yeye na mke wangu walikuwa kama kitambaa na bitana. Ana mtoto mmoja, wa kiume, rika la Kitinda. Alipokuwa mdogo, kila akipakuliwa chakula alisema, "Haitoshi." Basi jina likamshika. Mpaka leo anaitwa Haitoshi, ana ndevu.

Kitinda alikuwa anaendesha pikapu ya mtu, anabeba mizigo ya watu. Siku moja Haitoshi akamwambia ana safari, ana meza mbili, viti na begi. Wakaondoka wote wawili. Kwenye kizuizi, askari akafunua turubai. Akaliona begi. Akauliza, "Begi la nani?"

Haitoshi akanyamaza. Kitinda akajibu, "Letu, afande."

Ndani mlikuwa na bangi, vifurushi thelathini na viwili, vimefungwa kwa magazeti.

Walishtakiwa pamoja. Haitoshi mshtakiwa wa kwanza, Kitinda wa pili. Mahabusu mmoja mzoefu alimpa Haitoshi akili: kubali upesi, usiwachoshe, watakuonea huruma. Siku ya kwanza kusomewa shtaka, akakubali. Hakimu akasema mshtakiwa huyu hakuisumbua mahakama, ameonyesha majuto. Miaka minne.

Kitinda alikana. Aliyemwambia akane ni mimi. Nilishika nondo za dirisha la mahabusu nikamwambia, "Usikubali kitu ambacho hukukifanya. Sisi si watu wa hivyo." Sikumuuliza kwanza. Nilisema tu, kwa kifua.

Kesi ikaenda miezi kumi na mmoja. Askari akaja kutoa ushahidi. Akasema, "Nilimuuliza begi la nani, akajibu bila kuhangaika, letu." Karani akaandika. Nilimwona anaandika. Neno dogo, halikumchukua hata nusu ya mstari.

Mama Futi akasimama. Hakuitwa.

"Mheshimiwa, nyumbani kwetu kila kitu ni letu. Hata bega bovu la baba yao ni letu."

Watu wakacheka. Karani akasema, "Mama, kaa chini."

Hakimu akasema, "Mama, hapa si nyumbani kwenu."

"Hilo naliona," akasema, akakaa.

Siku ya hukumu hakimu alisoma kwamba neno "letu" ni neno la umiliki wa pamoja, na mtu hawezi kuita letu kitu asichokijua. Akasoma kwamba mshtakiwa wa pili ameipotezea mahakama muda na hana majuto. Miaka kumi na miwili.

Begi moja. Mwenye begi minne, dereva kumi na miwili.

Mtaani wakasema mdomo uliponza kichwa. Walisema kwa sauti ya chini, lakini ukuta wetu ni mwembamba.

Siku ile tulirudi nyumbani hatukuwasha hata jiko. Nikamwambia, kosa ni langu, mimi ndiye niliyemwambia akane. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani na mgongo wake kwangu.

"Kosa letu," akasema. "Mimi nilimpa neno, wewe ulimpa ubishi. Haya, umesema langu. Nenda kaoshe vyombo."

Nikaenda nikaosha. Vilikuwa vikombe viwili.

Gerezani tulikuwa tunaongea naye kupitia wavu. Safari ya tatu au ya nne, Mama Futi akamuuliza Kitinda, hapo hapo, bila kuzunguka.

"Ulijua?"

Kitinda akatazama chini. "Aliniambia ni nguo."

"Sijauliza alikuambia nini."

Kijana akashika wavu. "Nilijua si nguo. Nilijua tu kwamba si nguo. Sikuuliza."

Mama yake alishusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo. Hakumgombeza. Tukarudi nyumbani, tukafika mlangoni. Hapo akasema, "Basi hatutaomba aitwe msafi. Tutaomba alingane na mwenzake."

Siri hiyo ilikuwa yetu watatu. Sasa nimeiandika. Haina tena wa kumdhuru.

Rufaa. Mtu akiniuliza rufaa ni nini, nitamwambia ni kusubiri. Mwaka wa kwanza tulisubiri mwenendo wa kesi uchapwe. Mwaka wa pili ukachapwa, lakini kurasa sita hazisomeki, ukarudishwa. Mwaka wa tatu jalada halionekani. Kila mwezi Mama Futi alikwenda masjala, akasimama dirishani na futi yake shingoni. Karani wa masjala alimzoea.

"Mama Futi, bado."

"Sijauliza."

"Naona uso."

"Uso huu ni wa njaa. Haya, jalada?"

"Bado."

Mama Futi ndiye aliyeliona jalada mwenyewe. Siku moja karani yuleyule alikuwa amekaa juu ya mafaili ili afike vizuri mezani, kiti chake kilikuwa kimebonyea. Mama Futi akamwangalia anavyokaa, akasema, "Baba, wewe umeongezeka inchi mbili tangu mwezi jana." Wakayatoa mafaili moja moja. La tatu kutoka chini lilikuwa la Kitinda. Kwa miezi mingapi aliketiwa kijana wetu, hakuna anayejua. Alinisimulia akicheka mpaka machozi. Halafu machozi yakabaki peke yake.

Haitoshi alikuwa ametoka mwaka wa pili. Alipunguziwa theluthi kwa tabia njema, kisha akarudi kukaa mlangoni kwa mama yake. Hakuvuka kuja kwetu. Asubuhi nikifungua mlango namwona, naye ananiona, kila mmoja anapata kitu cha kutazama chini.

Mama Mkaa naye alikuwa ameacha kuja tangu siku ya hukumu. Alikuwa analeta mkaa, anauweka kizingitini, anaondoka. Mke wangu alikuwa anamshonea kanga mipindo, anazituma kwa mtu. Miaka ishirini ya ujirani ikawa ya kupeana vitu mlangoni.

Tulipewa wakili wa msaada. Msichana mdogo, miwani mikubwa, gauni lake la kazi la kuazima. Mikono ilimfunika vidole. Mama Futi hakusikiliza neno mpaka amempindia mikono kwa pini.

Wakili akasema, "Mama, tuna hoja mbili. Ya kwanza, kwamba hakujua. Ya pili, kwamba adhabu hazilingani."

"Ya pili."

"Ya kwanza ikikubalika anatoka huru kabisa."

"Ya pili, mwanangu. Tumekwisha kuongea naye, naye anataka hiyo."

Wakili akanitazama. Nikatazama ukuta.

"Sawa. Lakini ya pili ina mwiba. Majaji wanaweza kusema miaka minne ya yule ndiyo iliyokuwa midogo mno. Hakimu akikosea kwa mmoja, si lazima akosee na kwa wa pili. Na wakili wa serikali akiamka vibaya anaweza kuomba yule wa kwanza aongezewe. Amechelewa, lakini sheria ina milango mingi."

Habari hiyo ilifikaje kwa Mama Mkaa sijui. Jioni ile ile alikuja, mara ya kwanza kwa zaidi ya miaka mitano. Hakubisha hodi. Aliingia na mikono yake myeusi, akasimama katikati ya chumba, hakutaka kukaa.

"Mwenzangu, niambie kweli. Mnataka walingane?"

"Tunataka."

"Na wakilinganisha kwa kwenda juu?"

Mama Futi akasimamisha cherehani kwa mguu.

Mama Mkaa akasema, "Jina lile nilimpa mimi, kwa mdomo wangu, kwa mzaha wa sahani. Haitoshi. Sasa nalala nawaota majaji wanalisema. Minne? Haitoshi." Alitaka kucheka ikashindikana. "Wako ana haki. Najua ana haki. Wangu ndiye aliyemtia humo. Lakini usinirudishie wangu ndani, mwenzangu. Nakuomba."

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo miaka sita. Mke wangu aliniangalia nikayameza.

Akachukua shati lililokuwa mezani, la mteja, mkono mmoja umezidi mwingine. Akamwonyesha.

"Unaona? Ukishakata, mkono mfupi haurefuki. Hata ukilia. Ninaloweza ni kupunguza mrefu. Sijawahi kushika mkasi kurefusha nguo, na sitaanza na mtoto wako."

Mama Mkaa akakaa. Akaacha alama ya vidole vyeusi kwenye shati la mteja. Ikabidi lifuliwe mara mbili. Nikaenda kuchemsha chai, kwa sababu nilikuwa sina kazi nyingine.

Kesho yake akamwambia wakili, "Mwenzake mtaje, maana bila yeye hakuna cha kulinganisha. Lakini usiseme muda wake ni mdogo. Sema wa wetu ni mkubwa."

"Ni kitu kilekile, mama."

"Si kitu kilekile. Kasome tena."

Siku ya rufaa tulikuwa benchi la nyuma. Majaji watatu. Mama Futi alininong'oneza kwamba joho la wa katikati linavuta kushoto, fundi wake alikuwa na haraka, na wa kulia amekonda tangu aliposhonewa, pengine anaumwa. Kitinda aliletwa, amesimama kizimbani na pingu. Alikuwa amepungua. Nikasikia mke wangu anahesabu kwa pumzi: kiuno ishirini na nane, mguu arobaini na mbili. Ndicho kipimo alichokuja nacho nyumbani.

Wakili wetu akasema vizuri. Akasema mtu hawezi kuadhibiwa mara tatu ya mwenzake kwa sababu alitaka kusikilizwa. Akasema washtakiwa wawili wenye kosa moja wakiachana kwa miaka minane, lazima sababu ionekane. Hakusema minne ni midogo. Mama Futi akaitikia kwa kichwa kila sentensi, kama anayekagua mshono.

Jaji wa katikati akauliza, "Lakini wa kwanza alikiri. Kukiri si kuna thamani yake?"

"Kuna, mheshimiwa."

"Kiasi gani?"

Ukumbi mzima ukasubiri kujua kukiri kunapimwa kwa nini. Wakili akasema ni juu ya mahakama.

Wakasema hukumu itatolewa kwa taarifa. Tukarudi nyumbani. Mama Futi akakata kitambaa cha kijivu, kiuno ishirini na nane. Upindo wa chini akauacha mrefu, mtu anaweza kubadilika akiwa njiani. Hiyo ndiyo suruali aliyokuwa anashona asubuhi ile.

Msibani, Mama Mkaa ndiye aliyemuosha. Alijisugua mikono kwa sabuni na mchanga mpaka ikatoa damu, akasema hamgusi mwenzake na masizi. Haitoshi alivuka njia. Alishika jeneza upande wa mbele, upande wa bega langu bovu. Lilikaa sawa.

Hukumu ilitolewa wiki tatu baada ya kuzika. Nilikwenda peke yangu. Nilikaa benchi lilelile, nikaacha nafasi kando yangu, mtu akaja akakaa, sikumwambia kitu.

Majaji walipunguza. Walisema kumi na miwili ilizidi, kwa kuwa kukana si kosa jipya. Lakini walisema aliyekiri anastahili nafuu yake. Kwa hiyo minane. Kwa Haitoshi hawakugusa. Hakuwa mbele yao. Wakasema kwa hesabu ya magereza, ukitoa theluthi, mshtakiwa wa pili amekwisha kumaliza, aachiwe.

Minne na minane. Hawakulingana. Nilitoka nje na wakili akinipongeza, nikamshukuru. Mikono ya gauni lake ilikuwa bado imepindwa kwa zile pini.

Kitinda alijua habari ya mama yake kabla hajatoka. Mkuu wa gereza alimwita akamwambia. Alikuja nyumbani na mfuko wa plastiki. Akasimama mbele ya cherehani. Nikampa suruali. Mama yake alikuwa amemaliza mguu mmoja. Wa pili ulikuwa na pini. Akaivaa hivyohivyo. Kiuno kilimkaa. Mguu wenye pini ulimchoma kila akitembea, hakuzitoa pini.

Mama Mkaa akaleta chakula, akakaa mbali kidogo na sisi. Tukala. Kijana anakula upesi, mkono umezunguka sahani. Kisha akainua uso, akatafuta mezani.

"Kikombe changu kiko wapi?"

Mama Mkaa akanitazama.

Ndipo nikaikumbuka barua. Mstari wa mwisho ulikuwa unasema hivi: Mama, humu usiposema langu unanyang'anywa, na nje nilisema letu nikafungwa, kwa hiyo nikitoka neno lile silisemi tena, unisamehe. Mwenyewe alikuwa amesahau kwamba aliandika.

Nikamwambia, "Umesema changu. Vyombo ni vyako leo."

Alichukua muda kuelewa. Kisha akainamisha kichwa mezani, mabega yakatikisika. Sikujua analia au anacheka. Mama Mkaa akamshika kisogo kwa mkono wake, ukaacha alama.

Nikasubiri amalize. Halafu nikampa maneno niliyopewa asubuhi ile, sindano ikiwa imetungwa na chai bado ina moshi. Nimejitahidi nisipunguze wala kuongeza. Mama yake alisema:

"Mwambie asiliache. Nililifundisha kwa ajili ya shuka moja na watoto watatu. Sikulifundisha kwa ajili ya polisi."